Muulize Fundi: Kabla ya lifti, pima sakafu

Toleo lililopita niligusia habari ya fundi anayelala chali chini ya gari lililoegemea jeki, nikasema gereji yenye kazi za kutosha inastahili lifti, ile mashine ya kuinua gari zima juu. Barua zilizofuata karibu zote zinauliza kitu kimoja: "Fundi, ninunue ipi?" Halafu wanataja tani. Tani, tani, tani. Zege halitajwi, paa halitajwi, umeme hautajwi, na kazi yenyewe inayofanyika humo gerejini inapewa mstari mmoja. Nimechagua barua chache na kuzifupisha. Majina nimeyaondoa.

Shikamoo fundi. Nina gereji ya nafasi mbili, natumia jeki na stendi. Kazi zangu ni breki, bushi, shokapu, kluchi, na gia boksi mara moja moja. Mengi ni magari madogo, pikapu chache. Bati upande wa juu liko mita 3.6, upande wa chini mita 3.1. Muuzaji mmoja ananiambia nichukue lifti ya nguzo nne kwa kuwa ndiyo salama zaidi, mwingine ananishauri ya mkasi kwa kuwa haili nafasi. Nimechanganyikiwa.

Marahaba, mwanangu. Nikupongeze kwa kupima paa bila kuambiwa.

Wauzaji wako wote wawili wamesema kweli, ila nusu nusu. Lifti ya nguzo nne imetulia mno. Unapandisha gari juu ya reli mbili, linakaa kwa matairi yake manne, wala hakuna wa kukosea mahali pa kulishikia. Kwa kumwaga oili, kutengeneza ekzosi, kushusha propela shafti au kufanya alaimenti, siipingi hata kidogo. Lakini isome tena orodha yako: breki, bushi, shokapu. Zote zinataka tairi lining'inie. Kwenye nguzo nne tairi limekalia reli, kwa hiyo itakubidi ununue na jeki ya katikati, ile inayotembea juu ya reli, ili uinue ekseli moja moja. Kila kazi unainua gari mara mbili. Na nafasi inayokula ni ya kudumu, maana zile reli haziondoki hata siku ambayo huna gari juu yake.

Mkasi mfupi, unaoinua mita moja au zaidi kidogo, unawafaa sana watu wa matairi, breki na kunyoosha bodi. Ukishuka unalala karibu na sakafu na gari linapita juu yake. Sasa jaribu kushusha gia boksi hapo. Mikasi mingi ya namna hiyo ina vyuma chini ya tumbo la gari, pale pale unapotaka kusimamisha jeki ya gia boksi, na kimo chenyewe kinakulazimisha upige magoti. Kluchi moja utaifanya. Ya pili utanikumbuka.

Kwa kazi ulizonitajia, jibu langu ni nguzo mbili. Matairi yote manne yananing'inia na chini pako wazi toka mbele hadi nyuma. Ila lifti hiyo inakudai vitu viwili ambavyo ya nguzo nne haikudai kwa ukali huo: fundi aweke mikono minne ya lifti, miwili kila nguzo, pale pale mtengenezaji wa gari alipoonyesha, na sakafu izishike nguzo zisiinamiane.

Tuje kwenye paa. Nguzo mbili zipo za aina mbili. Moja ina daraja juu linalounganisha nguzo, na mipira ya oili pamoja na kebo hupita huko juu. Sakafu inabaki tupu, jeki inatembea bila kikwazo. Nyingi za aina hiyo zina kimo cha mita 3.6 na kuendelea, kwa hiyo kwako zimejitoa zenyewe. Aina ya pili haina daraja. Kebo na mipira hupita sakafuni chini ya bamba la chuma lililoinuka kidogo, na nguzo nyingi za namna hii huishia mita 2.8 au 2.9. Hiyo ndiyo yako. Utalichukia lile bamba kila ukipitisha jeki ya gia boksi, halafu utalizoea.

Lakini kimo cha nguzo si kimo cha gari likiwa juu, na hapa wengi huumbuka. Saluni yenye kimo cha mita 1.45, ukiiinua mita 1.75, paa lake linafika mita 3.2. Upande wako wa chini una 3.1. Dawa ni kuingiza gari pua ikiwa upande wa bati la chini, kwa sababu boneti ya saluni iko chini ya paa lake kwa karibu nusu mita, ili lile paa lije upande ulio juu. Pikapu ya mita 1.8 haitafika mwisho wa lifti. Utaifanyia kazi ukiwa umekaa kwenye stuli, na hilo si aibu. Unapopima, pima hadi kwenye boriti, si hadi kwenye bati, na usisahau taa na feni. Boneti na mlango wa nyuma vifungwe kabla hujagusa swichi.

Utaulizwa pia kama unataka mikono inayolingana au isiyolingana. Isiyolingana ina mikono mifupi mbele na mirefu nyuma, na nguzo zimegeuzwa kidogo, hivyo gari dogo linakaa nyuma zaidi na mlango wa dereva unafunguka bila kugonga nguzo. Inayolingana ni ya magari mazito na marefu, yanayokaa katikati. Zipo zinazokubali namna zote mbili, na kwa mchanganyiko wako wa saluni na pikapu ningezitafuta hizo kwanza.

Fundi, sakafu yangu ina zege la sentimita 10. Muuzaji anasema latosha kwa lifti ya nguzo mbili. Ni kweli?

Sentimita 10 kwa kipimo cha nani? Kama ni cha aliyejenga, endelea kusoma.

Miongozo ya lifti nyingi za tani 4.5 inadai angalau inchi 4, yaani hizo sentimita 10, za zege lenye nguvu ya psi 3,000 (pauni kwa inchi ya mraba), sawa na MPa 21 hivi. Watengenezaji wengine wanataka sentimita 15, wengine 20. Kitabu cha lifti unayoinunua ndicho chenye neno la mwisho, basi kiombe kabla ya kulipa. Na hizo ni sentimita za zege tupu. Plasta ya juu haihesabiwi. Vigae havihesabiwi. Kokoto iliyoshindiliwa chini, hata iwe ngumu vipi, haihesabiwi.

Pima mwenyewe. Chukua drili ya kugonga na biti ndefu ya milimita 10, toboa pale nguzo itakaposimama mpaka usikie biti inadondokea kwenye udongo. Chukua waya mgumu, kunja ncha yake iwe ndoano fupi, ingiza kwenye tundu, kisha uvute polepole mpaka ndoano ishike upande wa chini wa zege. Weka alama kwa kidole usawa wa sakafu, toa, pima kwa tepu. Rudia sehemu nne au tano kuzunguka kila nguzo. Nimekuta sakafu yenye sentimita 12 mlangoni na 6 kwenye kona ya nyuma, maana zege liliwaishia wajenzi kabla ya kona na hakuna aliyeuliza.

Kwa nini nasumbua watu na zege? Kwa sababu watu hudhani uzito wa gari unaikandamiza nguzo ikae. Tazama lifti ya nguzo mbili kwa mbele. Mikono imetokeza ndani, gari liko katikati, kwa hiyo uzito unazivuta nguzo ziinamiane. Bolti za upande wa nje wa kila nguzo hazikandamizwi, zinang'olewa. Zege jembamba au bovu halipasuki siku ya kwanza. Linaachia bolti milimita kwa milimita, na wewe uko chini unafungua sampu ya oili.

Zege lenyewe litakwambia ukilisikiliza. Unapokaza bolti za kutanuka, zile zinazojitanua ndani ya tundu la zege, kwa torki spana, spana inayopima nguvu ya kukaza, zinatakiwa zifike kipimo cha kitabuni na zisimame hapo. Ikiwa bolti inazunguka tu na mkono hausikii kukaza, zege limekataa. Usiongeze washa. Usimwage gundi kwa kubahatisha. Usisogee sentimita tatu pembeni ukatoboa tena. Kata sakafu, chimba, mwaga msingi mpya wenye nondo kwa vipimo vya mtengenezaji. Wengi hutaka kwa kila nguzo kipande kisichopungua mita 1.2 kwa 1.2, na mimi nikipewa nafasi humwaga kipande kimoja kinachobeba nguzo zote mbili. Kisha subiri siku 28. Mteja wako atakuwa na haraka, muuzaji atakuwa na haraka, zege halina.

Mambo mawili madogo. Bolti zikae mbali na ufa, kiungo au ukingo wa zege, sentimita 15 au zaidi. Na kama sakafu ina mteremko, vibati vya kusawazishia nguzo vina kikomo: miongozo mingi huishia nusu inchi. Ukizidi hapo, tatizo lako ni sakafu.

Muuzaji wa lifti halipendi sana swali la zege, kwa kuwa zege halimo kwenye risiti yake.

Habari za kazi, fundi. Napokea mabasi madogo ya abiria na pikapu za mizigo. Zito kuliko yote lina tani 3 likiwa na mzigo. Lifti ya tani 4 si inanitosha na chenji inabaki?

Nzuri, ndugu yangu. Chenji hiyo ihesabu upya.

Tani 4 ni za lifti nzima. Lifti ina mikono minne, na kila mkono umetengenezwa kubeba robo, yaani kilo 1,000. Gari lako la kilo 3,000 halijajigawa sawasawa. Tuseme mzigo uko nyuma na asilimia 70 ya uzito imelalia mikono ya nyuma. Hiyo ni kilo 2,100 kwa mikono miwili, kilo 1,050 kila mmoja. Lifti bado ina tani nzima ya akiba, lakini mikono miwili ya nyuma imeshazidiwa. Hakuna kengele itakayolia.

Kwa hiyo mambo mawili. Mzigo ushuke kabla gari halijapanda, hata kama mteja anasema ni kidogo tu na hataki kuupakia tena. Na kwa magari unayoyataja, nunua tani 4.5 au 5, mikono inayolingana. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 200 inazidi tani 2.5 ikiwa tupu. Likija la namna hiyo limefungwa winchi mbele na lina matangi mawili ya mafuta, hutaki kuanza hesabu ukiwa na mteja mlangoni.

Uliza pia urefu wa mikono ikivutwa yote na ufupi wake ikirudishwa yote. Basi dogo lina sehemu za kuinulia zilizo mbali mbali, na lifti yenye tani za kutosha lakini mikono mifupi itakufanya ushike gari pasipostahili. Magari yenye chesisi yatahitaji vipandishio vya kuweka juu ya vikombe vya mikono, vile vya kwenye ncha vinavyogusa gari, ili mkono usiguse ngazi ya pembeni kabla ya kufika kwenye chesisi. Viwe vile vya mtengenezaji wa lifti, vinavyoingia kwenye tundu lake na kukaa. Vipande vya mbao nimeviona kwenye gereji nyingi na sitavizoea. Mbao inapasuka kwa kufuata nyuzi zake, na haikupi taarifa.

Jingine ambalo hukuuliza: uzito unahama wakati wa kazi. Ukitoa injini, gari lililokuwa zito mbele sasa ni zito nyuma, na lifti haijasogea hata inchi. Kabla hujalegeza bolti ya mwisho, weka stendi ndefu upande utakaobaki mzito. Ukishusha difu au ekseli ya nyuma, mambo ni hayo hayo kwa upande wa pili. Magari ya umeme ndiyo yatakayotufundisha adabu, maana betri yake imelala chini ya sakafu nzima, ina mamia ya kilo, na sehemu za kuinulia zimebanwa ukingoni kabisa. Kikombe kikiteleza kidogo kuelekea ndani, kinabonyeza sanduku la betri.

Mimi ni mpangaji, na mwenye jengo hataki nitoboe sakafu. Kuna lifti yoyote kwa ajili yangu? Na zile zinazotoka ardhini, ni nzuri?

Mkasi mfupi wa kuhamishika, au nguzo nne za aina ambayo mtengenezaji mwenyewe ameandika kwamba inasimama bila bolti. Aandike yeye, si muuzaji aseme. Nguzo mbili za kawaida bila bolti hakuna, na akitokea mtu wa kukuuzia, mwache aende.

Zinazotoka ardhini zina historia yake. Lifti ya kwanza ya magari inahesabiwa kuwa ile ya Peter Lunati wa Memphis, Marekani, mwaka 1925, na husimuliwa kwamba wazo lilimjia kwa kiti cha kinyozi, kile kinachopanda kwa kukanyaga pedali. Ni lifti nzuri, haina nguzo za kugonga milango. Lakini inataka kuchimba shimo na kuzika silinda, na ikivuja, oili inaingia ardhini bila wewe kuiona. Mwenye jengo aliyekataa matundu ya bolti hutamwambia hilo.

Shikamoo. Mimi ni fundi wa kike, naanza gereji yangu. Nimepata lifti ya nguzo mbili iliyotumika, ya skrubu, si ya oili. Bei ni nzuri mno. Nikague nini kabla ya kutoa hela?

Marahaba, binti yangu. Bei nzuri mno ndiyo inayonifanya niandike kirefu.

Sharti la kwanza: uione ikifanya kazi, ina gari juu, kabla haijang'olewa ilipo. Lifti iliyolala chini vipande vipande usiinunue, labda unatafuta vyuma chakavu.

Sasa skrubu. Ndani ya kila nguzo kuna skrubu ndefu inayozungushwa na mota, na nati kubwa, kwa kawaida ya shaba nyeusi au ya manjano, ndiyo inayobeba gari kwa kupanda na kushuka kwenye nyuzi zake. Nati imetengenezwa laini kuliko skrubu makusudi, ili ilike yenyewe, si skrubu. Chini yake kuna nati ya pili ya usalama, isiyobeba kitu mpaka ile kubwa ife. Kati yao kuna nafasi, na kitabu cha lifti kinasema iwe kiasi gani ikiwa mpya na isipungue kiasi gani. Chukua vipimo vya bapa, vile unavyopimia valvu, upime nafasi hiyo kwenye nguzo zote mbili. Ikiwa nguzo moja imekaribia kikomo na nyingine bado, jiulize skrubu ile ilikosa grisi kwa muda gani. Halafu ingiza kidole kwenye grisi iliyoganda chini ya nguzo, uisugue kwenye karatasi nyeupe juani. Ukiona chengachenga za rangi ya dhahabu, hiyo ni nati inayoondoka.

Nati mpya zinapatikana? Uliza kwanza. Lifti nyingi za skrubu zilizoko sokoni ni za miaka mingi, na nati yake si ya kuchongesha kwa fundi mchongaji kwa kukisia aina ya shaba.

Shika ncha ya kila mkono ukiwa umevutwa wote, uinue na kuushusha. Mchezo kidogo upo. Mkono ulioinama ncha kuelekea chini ukiwa mtupu umeshabeba kisichobebeka. Tazama meno yanayofunga mkono usizunguke gari likipanda, kwa sababu kwenye lifti zilizotumika mara nyingi watu wameyatoa ili wasisumbuke. Tazama weldi. Weldi ya kiwandani ni ya mstari mmoja na rangi iko juu yake. Ukiona weldi nyingine juu ya weldi kwenye mkono au kwenye kitoroli cha ndani ya nguzo kinachoshika mikono, funga mkoba urudi nyumbani, wala usiombe punguzo.

Kama ungekuwa umepata ya oili, ningekwambia upitishe kitambaa, si mkono mtupu, kwenye kebo yote. Uzi uliokatika utanasa kitambaa. Ningekwambia pia uinue gari, uliache bila kulikalisha kwenye loki, yale meno ya usalama ya kwenye nguzo yanayozuia gari lisishuke, upige mstari wa chaki kwenye nguzo na urudi baada ya muda uone limeshuka kiasi gani, bila mtu yeyote kupita chini yake.

Kibao cha lifti kiwe kipo: mtengenezaji, namba, mwaka, uwezo. Zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya hufuata kiwango cha EN 1493, na za Marekani zilizothibitishwa hubeba lebo ya ALI, taasisi ya lifti za magari ya huko, kwa kiwango cha ALCTV. Kibao kikiwa kimeng'olewa, tani unazoambiwa ni za mdomoni. Na bolti za sakafuni nunua mpya. Zilizotumika zimeshatanuka mara moja, na mara moja ndiyo kazi yake.

Fundi, umeme ulikatika gari la mteja likiwa juu. Lifti ni ya oili, nguzo mbili. Nilivuta mpini wa kushushia, gari halikushuka. Mteja aliondoka kwa miguu amenuna. Ni ubovu?

Pole. Hapana, ilifanya inavyotakiwa. Gari lilikuwa limekalia loki. Ili loki zifunguke, lazima gari lipande kwanza kidogo lizitue uzito, na kupanda kunataka mota. Valvu ya kushushia peke yake haiwezi kitu hapo. Lifti nyingine zina pampu ya mkono kwa siku kama hizo, nawe uliza kama yako inakubali kufungwa. La sivyo ni jenereta au subira. Usizibandue loki kwa mtaimbo, na usilegeze mpira wa oili. Waliofanya hivyo walishusha gari kweli.

Kwa ambao hawajanunua: uliza loki zinafunguliwa kwa nini. Za sumaku ya umeme ni tamu, kitufe kimoja tu, lakini umeme ukikatika sumaku nayo imelala. Za waya wa kuvuta kwa mkono ni za kizamani na mimi ndizo ninazozipenda. Mota nyingi za gereji ndogo ni za kilowati 2.2, fezi moja. Ikianza inavuta umeme mwingi kuliko ikishazunguka, kwa hiyo jenereta yenye uwezo unaolingana na maandishi ya kwenye mota haitaiwasha. Kadiria mara tatu hivi. Na iwe na waya wake mnene kutoka kwenye bodi ya umeme, isichangie soketi na kompresa. Waya mwembamba na mrefu ndio unaochoma kapasita, kisha lawama zinaenda kwa lifti.

Kwa nini nisichimbe shimo tu? Babu zetu walitengeneza magari kwa mashimo.

Chimba, kama kazi yako ni oili, propela shafti na malori. Breki na saspensheni shimo halikusaidii, gari bado liko kwenye matairi yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni na kutuama shimoni, nawe umeshuka humo na taa ya waya. Ukichimba, weka feni inayovuta hewa kutoka chini kabisa, taa zilizofungwa za volti ndogo, ngazi pande zote mbili, na mfuniko. Mfuniko huo si wa mapambo. Wateja hutembea gerejini wakiongea na simu.

Swali fupi: ni lazima kukalisha gari kwenye loki kila mara, hata kwa kazi ya dakika tano? Oili inashika vizuri.

Ndiyo.

Na kwa kuwa umeniuliza mimi, nikupe utaratibu wote. Pandisha mikono iguse gari, chuchumaa uangalie vikombe vyote vinne kwa macho yako, si kwa mazoea. Inua mpaka matairi yaachane na sakafu kama kiganja. Simama, shika bampa, litikise gari kwa nguvu mbele na kwa upande. Likicheza juu ya vikombe, shusha uanze upya. Likitulia, endelea kuinua huku unasikiliza: loki za nguzo mbili zinatakiwa kulia pamoja, kwa pigo moja. Ukisikia moja ikitangulia na nyingine ikifuata, upande mmoja uko chini, kebo za kusawazisha zinataka kurekebishwa, na hupiti chini ya gari hilo leo. Ukifika kimo unachotaka, shusha mpaka loki zote mbili zishike, ndipo uchukue spana. Bolti za sakafuni zikaguliwe kwa torki spana wiki chache baada ya kufunga lifti, kisha kwa vipindi vilivyoandikwa kitabuni, na mtu mwenye ujuzi wa lifti aipitie yote angalau mara moja kwa mwaka.